Jua halina shemeji: venye nilipoteza kastoma kwa kubishana na joto la Kisumu

Juzi usiku nikiwa nahesabu pesa ya siku meseji ikaingia, ni msomaji mmoja ambaye alitoka huku Kisumu miezi minne iliyopita akaenda Eldoret kufungua saluni. Nafupisha. Anasema watu wa huko wanamchosha, kila anayeingia lazima aanze na baridi, leo baridi, jana baridi, hii baridi imeingia kwa mifupa, na si ati ni wageni, wamezaliwa huko huko. Sasa anauliza, "Kwani hawajazoea tu? Nipe njia ya kuwanyamazisha bila kuwaudhi, mi nataka kufanya kazi."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka juu nilijiona mimi mwenyewe mwaka 2016, na ile kitu iliniuma bado inauma kidogo, kwa hivyo badala ya kumjibu kwa meseji nimeamua kuiandika hapa mpate wote.

Wale mmenisoma kitambo mnajua nina kinyozi mbili sasa, Kondele na Mamboleo, na mwezi jana tumeongeza kiti cha tatu pale Mamboleo. (Kuna mtu alisema sitamaliza mwaka Kisumu. Anajijua.) Na najua wewe pia unataka hivyo hivyo, uwe na kwako, watu wajae, ufungue ya pili, ndio maana uko hapa unasoma. Basi nisikize, mashine nzuri utanunua, kioo utanunua, feni utanunua, lakini kuna kitu hakiuzwi dukani na ndicho kilitaka kunimaliza.

Mimi nimezaliwa Elburgon. Asiyejua Elburgon, ni huko juu karibu na msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, mahali mtoto anaenda shule na sweta mbili na bado anatetemeka. Kisumu iko kama mita 1,130. Ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6 na nusu, kwa hivyo kati ya kwetu na huku kuna kama digrii 8 hivi. Hiyo hesabu niliifanya baadaye, siku ya kwanza niliifanya na nguo, jaketi nilitoa Kericho, sweta nikatoa Awasi, na matatu ikifika Ahero nimebaki na fulana na jasho linateremka mgongoni kama nimemwagiwa maji.

Nilipofungua Kondele mwishoni mwa 2015 nilijiona mjanja sana. Nilikuwa na simu mpya yenye inaonyesha hali ya hewa, nikiamka naangalia digrii kabla hata sijanawa uso. Sijui kwa nini. Nafikiri mtu akiwa mgeni mahali anatafuta kitu kimoja anakijua kuliko wenyeji, na mimi sikuwa najua lugha, sikuwa najua samaki gani ni mtamu, sikuwa najua njia za mkato za Manyatta, lakini digrii nilikuwa najua.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu, mtu wa heshima zake, mimi nilikuwa namuita Jaduong' kama kila mtu. Alikuwa anakuja kila Jumamosi ya pili saa nane mchana, namba moja kichwani, ndevu kwa wembe, masaji, analipa na anaacha chenji. Na hakuwa anakuja peke yake, mara na mjukuu, mara na jirani. Kwa biashara changa mtu kama huyo ni nguzo ya nyumba.

Jumamosi moja ya Februari 2016 anaingia, anavua kofia, anajipangusa na leso, anakaa, anashusha pumzi, halafu anasema, "Kijana, jua kama hili la leo sijawahi kuliona tangu nizaliwe."

Na mimi, badala ya kusema "kweli Jaduong'", nikatoa simu mfukoni. Nikamwonyesha. "Hapana mzee, leo ni 31. Jumatano ndio ilikuwa 33."

Kinyozi ilinyamaza. Kulikuwa na watu wanne kwa benchi na hakuna aliyecheka. Jaduong' aliangalia ile simu, akaangalia uso wangu kwa kioo, akasema "Sawa." Nikamnyoa vizuri sana siku hiyo, laini imenyooka kama rula, akalipa, akachukua chenji yake yote.

Hakurudi. Wiki mbili zikaisha, mwezi ukaisha, halafu siku moja napanga mataulo nje namwona ng'ambo ya barabara, amekaa kwa kiti cha jamaa mwingine ambaye nitasema ukweli, ile mkono yake ni mbaya, laini zake zinapinda kama barabara ya kupanda Kericho. Lakini mlango ulikuwa wazi na sauti nilikuwa nasikia. Jaduong' anasema kitu kuhusu jua, jamaa anapiga kelele, "Wacha tu mzee! Mimi leo nimeona kuku akitembea na kidole kimoja!" Benchi nzima inakufa kwa kicheko. Kuku gani anatembea na kidole kimoja? Ni uongo mtupu. Na benchi lake lilikuwa limejaa.

Kitu kinaniuma zaidi ni hiki, kumbe hata kwa digrii nilikuwa nimekosea. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba kile kipimo cha watu wa hali ya hewa kinawekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya hewa, kivulini, ile 31 ni ya kivulini. Jaduong' alikuwa ametembea kutoka Manyatta saa nane mchana, jua la ikweta liko juu ya kichwa na mabati yanarudisha joto kila upande. Na hapa tuko kando ya ziwa, hewa imebeba unyevu, jasho linatoka lakini halikauki haraka, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Hiyo haiko kwa ile namba. Halafu malizia na hii, huo mwaka 2016 ukaja kutangazwa kuwa ndio mwaka wenye joto zaidi duniani tangu watu waanze kupima, hadi 2023 na 2024 zikaja kuuvunja. Yaani mzee aliposema hajawahi kuona, alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi na simu yangu ya mkopo.

2016 iliyobaki naruka. Nilikula ugali na sukuma, tuendelee.

2017 mnaikumbuka. Uchaguzi wa Agosti, Septemba mosi Mahakama ya Juu ikaufuta, Oktoba 26 ukarudiwa na hapa Kisumu kura hazikupigwa. Mimi jina langu linasema nimetoka wapi kabla sijafungua mdomo. Sitaki kuongea mengi hapo, kuna watu walipoteza watoto na mimi nilipoteza tu siku za kazi. Nilifunga nikaenda Elburgon, na mwenye nyumba wangu, mama mmoja wa hapo hapo Kondele, akabeba mashine zangu akaziweka chini ya kitanda chake hadi niliporudi. Hata moja haikupotea. Huyo mama nikimwandikia peke yake ukurasa hautatosha.

Nikarudi katikati ya Novemba. Siku ya kwanza nimefungua mlango, nimefagia, nimekaa. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne hakuna mtu. Kama saa tano anaingia kijana wa boda, namjua kwa sura tu, ana alama kwa paji la uso ambayo haikuwepo mwezi wa saba. Sikuuliza. Akakaa. Nikamfunga kitambaa. Sasa fikiria hiyo hali, mimi nina wembe mkononi na shingo yake iko mbele yangu, na mimi mgongo wangu uko kwa mlango ambao uko wazi kwa barabara ambayo wiki chache zilizopita ilikuwa inawaka matairi. Sijui nani alikuwa anamwogopa nani. Mashine inalia tu, nzzzz. Dakika tano, labda kumi, hakuna neno.

Halafu akasema, "Brathe, piny liet."

Yaani kuna joto.

Na hakukuwa na joto! Asubuhi hiyo ilikuwa imenyesha, barabara bado ina madimbwi, mimi mwenyewe nilikuwa na sweta. Simu ilikuwa mfukoni na nawaambia ukweli mkono ulitaka kwenda. Nikaukataza. Nikasema, kwa Kijaluo changu kibovu, "Liet ahinya." Kali sana.

Akacheka. Nafikiri ni kwa venye nilitamka. Akasema hata pikipiki yake kiti kinachoma mchana huwezi kukalia, nikasema hata hii feni inapuliza moto, akasema ziwa lenyewe siku moja litachemka samaki watoke wakiwa tayari wameiva tununue na ugali tu. Tuliongea joto dakika ishirini siku ya baridi. Alipoinuka alilipa, na jioni akaleta wenzake wawili wa stage.

Ile Machi 2018 viongozi walipopeana mkono Nairobi, watu wakashangaa kwenye redio. Sisi kwa kinyozi yangu tulikuwa tumeshapeana jua tangu Novemba.

Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini watu wanafurahia kulalamika jua na mvua na baridi, mimi nitakuambia nilichoona kwa kioo, juu kinyozi anaona nyuso za watu mchana kutwa. Mtu akianza kulalamika bei ya unga, uso unajikunja. Akianza siasa, macho yanazunguka kwanza kuona nani yuko kwa benchi. Akianza kulalamikia kazi, sauti inashuka. Lakini akianza kulalamikia jua, uso unafunguka, mabega yanashuka, mikono inatoka chini ya kitambaa kuonyesha vile lilikuwa, anakuwa kama mtu anasifu timu yake. Ni kwa sababu jua halina shemeji. Huwezi kulitukana ukapata ndugu yake amekaa hapo nyuma. Halina kabila, halina chama, halina wakili. Linatuchoma sisi sote na hakuna wa kulitetea, isipokuwa mjinga mmoja mwenye simu.

Pia kuna raha ya kujisifu. Mtu anayesema "hii mvua ni mbaya sana" anakuambia pia "na mimi niliipita." Angalia wazee wakianza stori za El Niño ya 1997. Wa kwanza atakuambia maji yalifika hapa, anagusa goti. Wa pili anagusa kiuno. Wa tatu ameinuka kabisa kwa kiti na povu la kunyolea kwa shavu, anagusa kifua. Huyo wa nne mimi humwacha agonge hata dari. Mnataka nimwambie nini, nilete kipimo cha mto?

Na raha nyingine, hapo ndipo sisi na wakubwa tuko sawa. 2023 tuliambiwa El Niño inakuja, halafu tukaambiwa haiji, halafu ikaja. Watu walicheka hiyo kitu kwa kiti changu hadi Krismasi, hata wale walikuwa wameloa.

Sasa ushauri wenyewe, kwa wewe wa Eldoret na wengine wote mnaofungua. Mtu akilalamika hali ya hewa, mkubalie. Hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili ni mkubalie na uongeze chumvi kidogo, akisema moto wewe sema jehanamu. Ya tatu usilete namba. Usimwambie Lodwar ni mbaya zaidi, usimwambie Lamu, usimwambie ulikotoka. Nakuru pale nilikaa miaka miwili kabla ya huku, na Januari lile vumbi linazunguka linaingia hadi kwa chai, wanasema hata jina Nakuru limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi, na nimeambiwa Maasai walilalamika mapema. Basi mwache mtu wa Nakuru alie na vumbi lake. Mwache wa Kericho alie na mvua ya mawe, inamchania majani ya chai kweli. Ya nne ni ile ile ya kwanza, mkubalie. Naona mnataka mbinu nyingi lakini hakuna, vijana mnapenda mbinu, mnapenda video za mtu amevaa suti anawaambia siri saba, na kumsikiza mtu mmoja akisema kuna baridi kumewashinda. Unataka kastoma akuletee kichwa chake na hutaki hata kumpa "pole". Kichwa! Kitu mtu anabeba akili yake ndani, anakupea ushike na wembe, na wewe unabishana.

Lakini kuna mahali pa kunyamaza, na hii pia nilijifunza. Mvua za 2024, kati ya Machi na Mei, watu wa upande wa Nyando walipatikana vibaya. Nina kastoma wa huko. Alikuja kunyolewa siku moja watu wa benchi wakiwa katikati ya mastori ya mvua, kila mtu anaongeza chumvi, na yeye kimya. Nikamuuliza pole pole kwao vipi. Hakusema mvua kali, hakusema mafuriko. Alisema, "Tuko darasa la tano. Wale wa upande wa chini wamepewa la sita." Walikuwa wamehamia shule. Halafu akaongea kuhusu magodoro. Hiyo siku niligundua mtu maji yamembebea nyumba halalamikii mvua, ni sisi tulioloa viatu tunalalamika. Na 2020 hivyo hivyo, ziwa lilipopanda Mei hadi mahali halikuwa limefika tangu 1964, watu wa Dunga walikuwa wanahesabu tu vitu, meza, mlango, mlango wa pili. Ukisikia mtu anahesabu vitu, zima mashine.

Ya mwisho sikutaka kuiandika lakini nimeshaanza.

Mathe bado yuko Elburgon. Miaka yote nikiwa huku alikuwa ananipigia jioni, na kila Julai ni wimbo mmoja, "Kuna heho, mwanangu." Kuna baridi. Na mimi kastoma nimejifunza kuwakubalia, wa Kondele, wa Mamboleo, hadi mtu wa kusoma mita ya maji, lakini mathe yangu nilikuwa namjibu, "Afadhali nyinyi mama, huku tunaiva." Kila siku. Nilikuwa naona ni mzaha. Nikitoka kazini nimechoka, miguu inauma, sitaki kusikia baridi ya mtu.

Julai moja simu zikapungua. Nikaona ni salio. Halafu dadangu mkubwa akanipigia kuniambia mathe amelazwa, ni kifua, homa ya mapafu, yuko siku ya tatu. Nikauliza mbona sijaambiwa. Dadangu ni mtu wa maneno machache. Akasema, "Alisema hakupigii wewe. Alisema akikuambia baridi unamnyang'anya."

Unamnyang'anya baridi yake.

Na kumbe ile heho ya mwaka huo haikuwa wimbo wa kawaida, kuni zilikuwa zimeloa, bati la jikoni lilikuwa limeinuliwa na upepo upande wa kitanda chake, yote hayo yalikuwa nyuma ya hilo neno moja, na kama ningesema "pole mama, imekuwa mbaya aje?" angeniambia mbele kwa mbele. Bati ni pesa ngapi? Mimi nilikuwa nanunua kiti cha ngozi.

Alipona, Mungu ni mwema. Bati niliweka mwenyewe kwa mikono yangu, misumari yote, na juu ya ngazi nilitetemeka hadi nyundo ikaanguka mara mbili, naye amesimama chini na shuka mabegani ananiangalia, ananiuliza, "Kuna nini huko juu?"

Nikasema, "Kuna heho mathe. Sijawahi kuona baridi kama hii tangu nizaliwe."

Akasema, "Si nilikuambia." Na venye alifurahi mngedhani nimemletea ng'ombe.

Siku hizi mimi ndio napiga. Saa mbili usiku nikishafunga, naweka simu kwa spika nikihesabu pesa, naye anaanza, na hajamaliza na baridi ameenda kwa umande, ametoka kwa umande ameenda kwa upepo wa kutoka msituni. Akiniuliza huku kukoje nasema kuko tu, endelea.

Yule wa Eldoret nimemtumia sehemu ya hii asubuhi. Nimeona amesoma, hajajibu, labda ameudhika, labda ana kastoma kwa kiti anamwambia maneno. Mimi naenda kufungua. Saa moja na nusu hata haijafika na jua tayari limeingia hadi kwa kitanda, mabati yameanza kulia, yaani leo, nawaambia, leo hata kuku hatakuwa na hicho kidole kimoja.